Masanduku Manne

Nimechora masanduku manne. Naomba hilo lieleweke mapema, kabla sijaanza kulalamika, maana nikianza huwa siachi. Masanduku manne na mishale minne: Mkulima ana Shamba, Shamba linatoa Mzigo, Mzigo unazaa Malipo, Malipo yanarudi kwa Mkulima. Basi. Mtoto wa darasa la nne angeuchora mchoro huo kwa kijiti kwenye mchanga wa Mbamba Bay, na wimbi likaja kuufuta kabla hajamaliza kutafuna kipande chake cha muhogo. Mimi, kwa kuwa nimesoma, niliuchora kwa kompyuta, kwa programu maalumu ya kuchorea mifumo, nikabonyeza pa kuhifadhi, na ile programu ikanizalia faili la megabaiti tatu na nusu.

Najua wa mjini mnacheka. Megabaiti tatu na nusu kitu gani, video ya mtu anayekatika jikoni inazidi hapo. Sawa. Njooni mkae chini ya mwembe wa shangazi yangu, ambako mtandao unakuja kama mgeni rasmi: unachelewa, haukai, na ukiondoka unaacha watu wamesimama. Nilikuwa nimeteremka kutoka Mbinga kumjulia hali shangazi, mguu ulikuwa unamsumbua, na mwenzangu wa Dar es Salaam akapiga simu kwamba anautaka ule mchoro kabla ya saa nane. Nikabonyeza kutuma. Mstari wa kijani ukaenda asilimia kumi, ishirini, ukapumzika. Shangazi akasonga ugali, tukala na usipa, tukanawa, mstari uko arobaini na moja. Ukafika tisini na mbili, ukatafakari, ukarudi sifuri. Mara ya tatu ukaja ujumbe ule wa upole: ndugu mteja, umetumia asilimia 75 ya bando lako.

"Unatuma nini hicho?" shangazi akauliza.

"Masanduku manne, shangazi."

"Yana nini ndani?"

Swali la maana. Sikuwa nimejiuliza.

Kazi yenyewe niliipata kwa kikundi kimoja cha wakulima wa kahawa huko milimani. Walitaka mfumo wa kuandikia kumbukumbu zao: nani kaleta kilo ngapi, siku gani, kalipwa nini. Kabla ya kuandika mfumo unachora kwanza, kama fundi anavyochora nyumba kabla ya kumwaga zege. Kuna lugha nzima ya michoro hiyo, inaitwa UML, iliyoasisiwa na mabwana watatu, Grady Booch, James Rumbaugh na Ivar Jacobson, ikapitishwa rasmi mwaka 1997. Mabwana wale hawana kosa. Masanduku yao ni mazuri, hata mwenyekiti wa kikundi aliyatambua mara moja. Aliutazama mchoro, akavua miwani, akaifuta, akautazama tena.

"Umechora ngoro," akasema.

Asiyefika Umatengo aelezwe. Ngoro ni yale mashimo ya kilimo yanayofunika miteremko ya Mbinga: unalaza nyasi zilizokatwa katika mistari inayokatizana mpaka zifanye miraba, kisha unachimba katikati ya kila mraba na kuzifunika zile nyasi kwa udongo uliochimba. Mvua ikinyesha maji yanaingia shimoni badala ya kuteremka na shamba lote hadi kwa jirani. Ukisimama ng'ambo ya bonde unaona mlima umevaa sega la nyuki. Wamatengo wamefanya hivyo tangu enzi za mababu, mfumo mzima uko kichwani, na sijasikia mtu akisema ngoro zake zimeshindwa kufunguka kwa sababu toleo ni la zamani.

"Ila mbona nne tu," mwenyekiti akaendelea. "Shamba dogo sana hili."

Nikamweleza kwamba ni mchoro mdogo lakini faili lake ni zito mno, linaelemea hadi CPU. Akaniuliza CPU ya kijiji gani. Hapo nikakumbuka niko wapi. Kwetu huku CPU siyo moyo wa kompyuta. CPU ni mtambo wa kumenyea kahawa mbivu, wenye bomba la maji, matangi ya saruji na foleni ya akina mama wenye ndoo. Nimefikiria sana tangu siku ile, na naona CPU yao inaifunza adabu ya kwangu. Yao inapokea kahawa mbivu, inaivua ganda, inaiosha utelezi, inaianika, na mpaka ifike kiwandani ikakobolewe, kilo tano au sita zilizoingia zimebaki kilo moja safi inayouzika. Yangu inapokea kilo moja na kutoa magunia sita.

Basi pale chini ya mwembe, huku bando likikata roho, nikalifungua faili lenyewe nione ndani kuna nini. Si kwa ile programu ya kuchorea. Kwa kile kidaftari cha kompyuta kinachoonyesha maandishi matupu. Mistari elfu arobaini na ushee. Nikagawa kwa nne: kila sanduku limeandikiwa mistari elfu kumi. Kuna watu wamekufa na urithi, wake wawili na kesi mahakamani, na majalada yao hayafiki nusu ya hapo.

Nikaanza kusoma habari za Mkulima. Faili lilitaka nijue kwamba Mkulima si dhahania. Asante. Mkulima si wa mwisho katika ukoo wake. Mkulima haanzi kazi mwenyewe bila kuitwa, jambo ambalo wake wa wakulima watalipinga. Mkulima anaonekana na watu wote. Mkulima hana kivuli cha ndani. Ana kivuli cha nje. Rangi ya kivuli ni hii. Fonti ya jina lake ni hii, haijainama, haijapigiwa mstari, haijakolezwa. Kisha ikaja Shamba, na yote yakarudiwa: Shamba si dhahania, Shamba si la mwisho, Shamba halijainama, Shamba halijapigiwa mstari. Kisha Mzigo. Kila kitu ambacho hakijatokea kimeandikwa kwamba hakijatokea. Ni kama kumpigia mtu simu kumuuliza hali, naye akakuambia: sijaanguka, sijaibiwa, sijaumwa na nyoka, sijaoa tena, nyumba haijaungua, na paka hajafa kwa sababu sina paka.

Majina nayo. Mkulima si Mkulima tu. Ana kitambulisho cha herufi na tarakimu 36, kirefu kupita jina la Mreno, na kila mshale unapomtaja unakitaja chote. Mahali aliposimama kwenye ukurasa ni 212.33333333333334 kutoka kushoto. Ile nne ya mwisho ndiyo iliyonimaliza. Mimi nilimburuta kwa kidole huku nafukuza inzi.

Na mwanzo wa faili, kabla ya neno lolote la maana, kuna aya nzima ya anwani: faili hili linafuata kanuni hii iliyoko pale, na hii iliyoko kule, na ya tatu, na ya nne, mpaka ya kumi na moja. Nikahisi nimeshaisoma mahali. Ni barua za ofisini! Kumbukumbu namba, anwani ya posta, yah: hivi na hivi, tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu, rejea barua yako yenye kumbukumbu namba ifuatayo. Unafika chini kabisa ndipo unakutana na jambo lenyewe: kikao kimeahirishwa.

Nilitaka kujua nani alituletea balaa hili, nikasoma. Mafaili mengi ya namna hii huandikwa kwa XML, utaratibu uliotolewa rasmi tarehe 10 Februari 1998. Waliotunga walijiwekea malengo kumi na wakayaorodhesha wazi, na lengo la kumi, nisamehe, linasema kwamba ufupi wa maandishi si jambo lenye umuhimu mkubwa. Nilisoma mara mbili. Watu wazima walikaa kikao, wakalijadili, wakaliandika, hakuna aliyenyoosha mkono. Wangekuwa wananunua bando la siku wangenyoosha mikono yote miwili.

Nisiwaonee, hata hivyo. Walikuwa na sababu. Zamani kila programu iliandika faili lake kwa lugha yake ya siri, na kampuni ikifungwa, kazi yako ya miaka imekuwa kelele za tarakimu asizoweza kuzisoma mtu. Wakaona bora faili linalojieleza lenyewe, likiokotwa na programu nyingine au na binadamu mwenye kidaftari, lieleweke. Kwa hiyo linajieleza. Linajieleza kama shahidi aliyeogopeshwa na wakili: haachi kitu, asije akaulizwa.

Mpwa wangu, aliyekuwa anachaji simu yake kwenye kompyuta yangu bila kuniomba, akachungulia. "Anko, si uzipu tu?"

Nikazipu. Megabaiti tatu na nusu zikawa kilobaiti mia moja na themanini. Zikaondoka kabla sijameza mate. Mpwa akarudi kwenye simu yake bila kusema kitu, jambo lililouma kuliko kama angesema.

Kuzipu si uchawi. Bwana Phil Katz ndiye aliyetoa faili la namna hiyo mwaka 1989, na msingi wake ni wa kawaida tu: neno likijirudia, badala ya kuliandika tena unaandika "kama lile la pale nyuma". Faili la maneno mengi yanayojirudia hubanwa vizuri kuliko faili lenye jambo jipya kila mstari. Fikiria maana yake. Lilivyobanwa mara ishirini, ndivyo mashine yenyewe ilivyokiri kwamba sehemu kumi na tisa kati ya ishirini zilikuwa porojo. Ungeweza kukipima hivyo kikao chochote cha wilaya yoyote.

Nikadhani yameisha. Kesho yake, nimesharudi Mbinga, baridi ya mwezi wa saba inauma vidole, mwenzangu akapiga.

"Kaka, umebadilisha nini kwenye mchoro?"

"Hakuna. Nimelisogeza Shamba kidogo kulia, lilikuwa limemkalia Mkulima."

"Hapa naona mistari elfu moja mia tisa na kumi na mbili imebadilika."

Sisi tunatunza kazi zetu kwenye programu inayolinganisha faili la jana na la leo mstari kwa mstari, ili kila mmoja aone mwenzake kagusa nini. Ni jambo jema, linazuia ugomvi. Lakini ile programu ya kuchorea, kila inapohifadhi, inaandika upya saa na dakika, inapanga upya orodha kwa mpangilio inaoujua yenyewe, inakokotoa upya mishale yote kwa desimali zake kumi na nne. Nimesogeza sanduku moja kwa upana wa kucha, na taarifa inasomeka kama nimepindua serikali. Zipu haisaidii hapo, inazidisha. Ni gunia lililoshonwa mdomo: ukitaka kujua punje ipi imebadilika, ufumue lote.

Kwa hiyo wiki ile nikakaa kutafuta dawa ya kweli, na dawa nilikuja kuipata, sitanii, kwenye mkutano wa chama cha msingi. Msemaji wa kwanza alisimama akaanza: mheshimiwa mgeni rasmi, ndugu mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, watendaji wa kata na vijiji, viongozi wetu wa dini, wazee wetu, wawakilishi wa wanunuzi, maafisa ugani, ndugu wanahabari mliopo (hakukuwa na mwanahabari), ndugu wajumbe. Akamsahau mtu mmoja, akarudi mwanzo. Kahawa ya watu inaiva huko mashambani. Msemaji wa pili akashika kipaza sauti, akasema: "Itifaki imezingatiwa," akaingia kwenye bei ya mbolea.

Nilitaka kusimama nimkumbatie. Maneno mawili! Kila mtu ukumbini amebaki na cheo chake, hakuna aliyeshushwa, hakuna aliyesahauliwa, na hakuna aliyetajwa. Maana sote tunajua utaratibu ni upi. Kinachostahili kutajwa ni kile kilichotoka nje ya utaratibu. Mafaili ya kompyuta yanahitaji kitu hicho tu. Kama masanduku yote kwa kawaida si dhahania, usiseme si dhahania. Siku utakapochora la dhahania ndipo uniite. Na yapo yanayojua: kuna maktaba ya programu inayoitwa EMF, ya jamaa wa Eclipse, ambayo kwa kawaida haiandiki thamani usiyoigusa. Mtu mmoja huko alilelewa vizuri.

Nikaandika kiprogramu changu kidogo cha kumenyea. Kinaingia kwenye faili, kila penye "hapana" ya kawaida kinavua. Rangi, vivuli na mahali pa masanduku kinavihamishia kwenye faili lao la pembeni, ili maana ikae kwake na urembo ukae kwake. Saa ya kuhifadhi, tupa. Orodha zote zipangwe kwa alfabeti, siku zote, hata mbingu zianguke. Na desimali zote baada ya nukta, kata.

Hapo kwenye desimali nikakutana na lile Shamba, na hapo naomba mnipe dakika mbili za kukasirika vizuri.

Ndani ya Shamba tulikuwa tumeingiza ramani. Wanunuzi wa Ulaya wana sheria yao ya mwaka 2023 inayotaka kahawa ithibitishwe kwamba haikutoka kwenye msitu uliokatwa, na kila shamba lionyeshwe lilipo kwa latitudo na longitudo. Tarehe ya kuanza kuitumia wameshaisogeza mara mbili, wanajua wenyewe. Vijana wakazunguka mashamba na simu, wakarudi na kona za kila shamba, na programu ya ramani ikaziandika kona hizo kwa desimali kumi na tano.

Tufanye hesabu pamoja. Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111. Desimali sita zinakufikisha kwenye sentimita kumi hivi, yaani upana wa kiganja, na ndiyo idadi ambayo sheria yenyewe inaitaka. Desimali kumi na tano zinakufikisha kwenye upana wa atomi moja. Atomi! Kona ya kusini ya shamba la mjomba wangu imeandikwa hadi atomi ya mwisho, wakati mjomba na jirani yake wana kesi ya miaka tisa kwa mtendaji kuhusu kama mpaka ni ule mparachichi au kisiki kilichokuwa nyuma ya ule mparachichi. Simu iliyopima ina makosa ya mita kadhaa ikiwa imeamka vizuri. Na hilo ni shamba. Lipo ziwa zima hapo chini. Waingereza na Wajerumani walitia saini mkataba wao wa mipaka tarehe 1 Julai 1890, na mpaka leo Malawi wanasema mpaka unapita ufukweni kwetu, sisi tunasema unapita katikati ya maji, na hata jina la ziwa kila mmoja ana lake. Nchi mbili hazijakubaliana mstari uko wapi kwa upana wa makumi ya kilomita, programu yangu inabishana na atomi.

Na uchungu wa mwisho: sheria ile ile inasema shamba lisilozidi hekta nne halihitaji kuchorwa kona zote. Nukta moja inatosha. Ni wangapi kwenye kikundi wana zaidi ya hekta nne? Mwenyekiti alicheka mpaka akakohoa.

Basi nikakata, nikaacha hizo sita. Lakini ukishaonja kukata, mkono hausimami. Vile vitambulisho vya herufi 36 viliniudhi, nikaamua nane za mwanzo zinatosha. Nikaendesha kiprogramu, faili likashuka hadi kilobaiti tisa, mistari mia moja sitini na nane, kurasa tatu na nusu. Nikalifungua kwenye programu ya kuchorea. Likafunguka. Nikapika chai.

Nilipomwonyesha mwenyekiti mchoro mpya, alifuata mishale kwa kidole, polepole, kama anayehesabu miche. Mkulima kwenda Shamba. Shamba kwenda Mzigo. Mzigo kwenda Malipo. Malipo kwenda... Mzigo. Nikasogea. Kitambulisho cha Mkulima na cha Mzigo, kwa kuwa nilivichora kwa pumzi moja, vilianza kwa herufi nane zile zile, na mshale ukamchukua yule aliyemkuta mwisho. Hela inatoka kwenye mzigo, inarudi kwenye mzigo, inazunguka na magunia. Mkulima amesimama pembeni na shamba lake, mshale unatoka kwake, hakuna unaorudi.

Nikaanza kuomba radhi. Mwenyekiti akanizuia kwa mkono.

"Aaa, hapana. Mara ya kwanza ulikosea. Hapa sasa ndiyo umepatia."

Nilirudisha herufi zote 36. Kuna maneno mengi yasiyo na kazi na kuna mengine yanaonekana hayana kazi, na mimi nilishindwa kuyatofautisha mpaka hela ya watu ikapotea njia. Kwa vitambulisho vizima faili lilikuwa kilobaiti kumi na moja. Nikalituma Dar bila kuzipu, kwa simu, nikiwa kwenye bodaboda. Dakika haikupita, jibu likaja: "Kaka limekatika njiani. Tuma lote."

Nikamwandikia kwamba hilo ndilo lote. Akajibu haiwezekani. Nikamtumia lile la megabaiti tatu na nusu, akashukuru.

Ningeweza kuvumilia hilo, mwenzangu namjua. Lakini wiki iliyofuata kamati ya kikundi ilitaka mchoro uchapwe kwenye karatasi uwekwe kwenye jalada, maana kuna wakaguzi wanakuja. Nikapeleka kurasa tatu na nusu, safi, nimezibana na pini. Katibu akazipima mkononi. Mweka hazina akazigeuza kuona kama kuna kitu nyuma.

"Mwalimu," katibu akaniambia kwa heshima zote, "wakikuta karatasi hizi nne, si watasema hela ya mradi tumekula?"

Nusu saa baadaye niko stesheneri mjini Mbinga, mashine inachapa lile faili la zamani, lile lenye mistari elfu arobaini. Binti wa stesheneri aliona idadi ya kurasa akaniuliza kama nachapa Biblia. Tukakubaliana mia mbili za mwanzo. Tukazitoboa, tukazitia kamba, jalada gumu mbele, plastiki juu. Kikao kizima kililipitisha kutoka mkono hadi mkono, na kila aliyelishika aliguna ule mguno wa mtu aliyepewa kuku mzito.

Mwenyekiti alikuwa wa mwisho. Akalifungua katikati, pale pale lilipofunguka, akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Hapa pameandikwa nini?"

Nikainama kusoma. "Kwamba Mkulima si dhahania."

"Maana yake?"

"Kwamba ni mtu kweli, mzee. Yupo."

Akabaki na kidole pale pale kwa muda, kisha akalifunga jalada.

"Huo mstari," akasema, "usije ukaufuta."